Klimatizeri ya Chumba cha Tatu

Siku ya posho iliyopita, mama wa kasha aliposoma hesabu, wengi walitazamana kusikia kwamba dola 138 zimetoka kwa ajili ya "kipande cha klimatizeri". Mama mmoja aliuliza, tena kwa sauti, chama cha wajane na wachuuzi kina haja gani na klimatizeri. Ni ulizo zuri. Mvua ilikuwa inakaribia na kila mtu alitaka kufika kwake, kwa hiyo tuliahidi kujibu hapa. Tunajibu kwa urefu, maana tunajua wako wamama wengine ambao mashine kama hiyo, au firigo ya kuuzia samaki, imewaletea shida ileile.

Mnajua nyumba yetu ya Kikula na vyumba vyake vitatu vya wageni. Wanaolala pale ni wachuuzi wanaotoka Kolwezi na Lubumbashi, madereva wa malori, mara moja moja mzazi aliyekuja kumwona mtoto wake hospitalini. Chumba cha kwanza na cha pili tunavikodisha dola 12 kwa usiku. Cha tatu, chenye klimatizeri, dola 20. Feza hizo ndizo zinazolipa minervali ya watoto wetu 14 walio sekondari. Shule za msingi za serikali zilifanywa bure tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa, na wawili kati ya hao 14 wako mwaka wa mwisho, wanangoja mtihani wa taifa.

Sasa mtu atasema: Likasi siyo Matadi. Ni kweli. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,300, na mwezi wa sita na wa saba tunalala chini ya mablanketi mawili. Hakuna mgeni anayeomba klimatizeri wakati ule. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijashika, joto linakaa ndani ya nyumba za mabati mpaka usiku wa manane, na ukifungua dirisha upande wa barabara, vumbi jekundu la malori linaingia kitandani. Mgeni anayefunga dirisha anapikwa, anayefungua anakohoa. Ndiyo sababu chumba cha tatu kinajaa kwanza. Tukipata usiku kumi tu kwa mwezi katika chumba kile, ile tofauti ya dola 8 inaleta dola 80. Hiyo si anasa, wamama, hiyo ni biashara.

Mwezi wa nane mgeni mmoja alituita usiku: maji yanadondoka juu ya mto wa kulalia. Tulipofungua kifuniko cha mashine, tukaona barafu imeshika nusu ya kile kipande chenye mabamba mengi membamba. Fundi aliyekuja alisema gazi imeisha. Akaongeza gazi, akalipwa, baridi ikarudi. Baada ya majuma matatu mashine ilikuwa inapuliza hewa ya vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe.

Fundi wa pili, mzee aliyefanya kazi ya mashine za baridi maisha yake yote, alituambia neno ambalo tungependa kila mama alishike. Gazi ya klimatizeri haiishi. Si kama petroli ya motokari wala makala ya mbabula. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa pande zote, leo, kesho, na miaka kumi mbele. Ikipungua, basi kuna fasi inapotokea. Anayeongeza gazi bila kutafuta tundu anajaza ndoo iliyotoboka, na wewe ndiye unayelipa maji.

Hicho kipande kinaitwa evaporateri. Kazi yake si ngumu kuelewa. Mkifutwa spiriti mkononi kabla ya sindano, mnasikia baridi, kwa sababu ile spiriti inakauka haraka, na katika kukauka inabeba joto la ngozi. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyohiyo. Ndani ya evaporateri, gazi iliyogeuka maji inachemka na kuwa mvuke, na ili ichemke inachukua joto la chumba. Kisha kompreseri, ile mashine inayonguruma nje, inaubana mvuke huo na kulitupa joto kwenye ukuta wa nyuma. Gazi ikiwa pungufu, upande mmoja wa evaporateri unapata baridi kupita kiasi na kushika barafu, na upande mwingine unabaki na joto.

Lakini msikimbilie kununua kila mnapoona barafu. Filtri iliyojaa vumbi inafanya jambo linalofanana: hewa haipiti, evaporateri inaganda yote. Mzee alianza na hilo. Alisafisha filtri, akapiga brashi kwenye mabamba, akawasha, akangoja. Joto lilikuwa palepale. Ndipo akapaka povu la sabuni juu ya mirija, na mapovu madogo yakaanza kutoka katika fasi tatu, mbili kati ya hizo ndani kabisa katikati ya mabamba. Kwenye shaba kulikuwa na madoa ya kijani.

Nini kilichotoboa? Mzee hakuapa. Alisema shaba nyembamba kama ile inaliwa na mivuke ya vitu vingi vya nyumbani: maji ya Javeli, siki, rangi mpya ya ukuta, gundi ya mbao za tripleksi. Katika chumba kilichofungwa, mashine inavuta mivuke hiyo siku zote, nayo inakaa juu ya shaba yenye unyevu, inachimba vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Chumba chetu kimepigwa rangi, kina kabati la tripleksi, na kinapigwa deki kwa Javeli kila mgeni anapotoka. Tangu siku ile tunapiga deki kwa sabuni ya kawaida na kufungua dirisha mpaka harufu iishe. Mabamba yenyewe hayapakwi Javeli hata tone moja. Maji na sabuni laini yanatosha.

Hapa turuhusuni neno kwa wamama wanaouza maji baridi na samaki. Firigo yenu ina evaporateri pia. Mara nyingi ni ule ukuta wa ndani wenyewe, ile fasi inayoshika barafu, na mirija inapita nyuma ya bati jembamba. Tumeona wamama wakitoa barafu kwa kisu ili samaki atoke haraka, mteja akiwa amesimama. Kisu kikiteleza kidogo tu, gazi inatoka kwa mlio wa nyoka na firigo imekufa. Zimeni mashine, wekeni sufuria ya maji ya moto ndani, fungeni mlango, ngojeni. Mteja atakaa kwenye kiti.

Turudi kwenye chumba cha tatu. Kashani kulikuwa na dola 212. Klimatizeri mpya ya nguvu ileile, BTU 12,000, tuliulizia ikawa dola 380. Kuinunua ilikuwa kukopa kwenye feza za minervali, na muhula ulikuwa umeanza. Tulikubaliana kwanza kabisa kwamba feza za watoto hazitaguswa, hata kama chumba kitakaa na joto mpaka mwaka ujao. Lakini pia tulimwomba mzee asikilize kompreseri na kuipima kabla hatujatoa hata franka moja. Angesema imechoka, tungeacha shauri zima. Kuweka kipande kipya kwenye mashine inayokufa ni kumshonea marehemu viatu. Alisema bado ina nguvu.

Kuziba matundu kwa kulehemu ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na tundu likiwa kwenye kona ya mrija, nje, ni kazi nzuri kabisa. Yetu matatu, mawili yakiwa katikati, yangelazimisha kukata mabamba, na shaba iliyoliwa katika fasi tatu italiwa katika ya nne. Tuliacha.

Kisha kijana mmoja alituletea habari za evaporateri iliyotumika, imetolewa kwenye mashine nyingine, dola 45 tu. Wengi wetu tulifurahi, na mama prezidenti alikuwa tayari ameshika ufunguo wa kasha. Mzee akauliza: ilitoka kwenye mashine ya gazi gani? Kijana akatuma picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni: R22. Yetu imeandikwa R410A. Hizo ni gazi mbili tofauti, na ile ya pili inasukuma kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Mirija iliyotengenezwa kwa R22 inaweza kupasuka ikibebeshwa R410A, na mafuta yanayokaa ndani ya mashine hizo mbili hayapatani. Dola 45 zingepotea pamoja na kompreseri. Tena R22 ni gazi inayoharibu utando wa ozoni huko juu. Kwa mapatano ya Montreal ya 1987 na maongezo yake, nchi kama yetu zinapaswa kuwa zimeiacha karibu kabisa kufikia mwaka 2030. Kwa hiyo hata mama mwenye mashine nzima ya R22 afikiri vizuri kabla ya kuinunulia vipande vya bei, maana gazi yake itazidi kuwa ya shida. Karatasi ya ubavuni ndiyo cheti cha ubatizo cha mashine. Isomeni, ipigeni picha kabla jua halijaifuta.

Tulipelekewa pia bei ya evaporateri mpya ya alumini tupu: dola 70. Ni nyepesi, inang'aa, na inapoza vizuri. Lakini alumini ikitoboka, mafundi wachache wanaweza kuilehemu, na wengi wa hapa wana vifaa vya shaba tu. Kwa mtu mwenye mshahara anayeweza kubadilisha tena, sawa. Kwa chama kinachohesabu franka, tulipenda kitu kinachoweza kutengenezwa hapahapa.

Tulichagua basi mpya, mirija ya shaba na mabamba ya alumini, dola 95 Lubumbashi. Kabla ya kuagiza, mama mshonaji alichukua metre yake ya kitambaa akapima ya zamani: urefu, kimo, unene, mirija inatokea upande gani, ina safu ngapi. Namba yote ya mashine iliandikwa, si jina la kampuni tu. Tunalisema hili kwa sababu muuzaji wa kwanza tuliyempigia simu alisema "ya 12,000 ni ya 12,000, mama, zote zinaingia". Haziingii. Ikizidi sentimetre mbili kifuniko hakifungi, na ikipungua hewa inapita pembeni bila kupozwa. Binti wa mmoja wetu anayesoma kule alikwenda dukani na karatasi ya vipimo, akapima mbele ya muuzaji, akatazama kama mabamba yamelala na kama vifuniko vya mirija vimekaa. Siku iliyofuata kipande kilifika kwa basi, ndani ya sanduku na blanketi. Safari ya kilometre kama 120, dola 5.

Tulipokishika mikononi, mama mmoja mzee, ambaye marehemu bwana yake alifanya kazi Shituru, alicheka kidogo. Kiwanda kile kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, katika mji huu uliowahi kuitwa Jadotville. Shaba inatoka chini ya miguu yetu, inavuka bahari, inarudi kama vijirija vyembamba, na sisi tunachanga dola 95. Hatukujua la kumjibu.

Sasa sehemu ambayo ilitufanya tuandike barua hii kwa uzito. Kabla ya kutia gazi, mirija inajazwa hewa ya nguvu ili kuona kama inavuja. Mzee alikuwa na msaidizi kijana, na yule kijana alikuja na chupa ya oksijeni ya walehemu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mzee alipoiona aliisukuma nje mpaka barazani, akamkemea mbele yetu sote. Ndani ya kompreseri kuna mafuta. Oksijeni ya nguvu ikikutana na mafuta hulipuka, na mafundi wameuawa hivyo. Kinachotumika ni azoti kavu. Chupa ya azoti haikuwa karibu, ilibidi kuikodi kwenye karakana, dola 10 zaidi na nusu ya siku kupotea. Mama prezidenti alilipa bila kuuliza mara mbili. Kwa hiyo, wamama, hata kama hamjui lolote la mashine, fundi akija nyumbani mwenu ulizeni jambo moja: chupa hii ni ya nini? Akisema oksijeni ya kupimia, toeni watoto nje na msimamishe kazi. Hamtakuwa mmemkosea heshima.

Azoti iliachwa ndani usiku kucha. Asubuhi sindano ya kipimo ilikuwa palepale. Kisha pampu ya kunyonya hewa na unyevu ikawashwa. Inatakiwa ifanye kazi muda mrefu, nusu saa na zaidi, siyo dakika tano. Baada ya dakika ishirini umeme ukakatika. Kijana alitaka kuendelea hivyohivyo na kutia gazi, mzee akalala kwenye kiti mpaka saa kumi umeme uliporudi, akaanza upya. Gazi ilipimwa kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye ile karatasi ya ubavuni. Kazi yote dola 28, pamoja na gazi. Jumlisheni wenyewe: 95, 5, 10, 28.

Umeme ukirudi kwa kishindo, mashine isiwashwe papo hapo. Kompreseri inahitaji dakika tatu mpaka tano za kupumzika, la sivyo inasukuma dhidi ya nguvu iliyobaki ndani na kuungua. Tumebandika karatasi mlangoni kwa wageni. Stabilizateri tutanunua kasha likiruhusu.

Yule mama aliyeuliza kwa sauti tumemwonyesha hesabu hii kabla ya kuichapa. Bado hakubali yote, na tunataka maneno yake yasomwe. Anasema kwa nyumba ya familia klimatizeri ni mzigo: ya BTU 12,000 inakula karibu watt 1,000, na feni ya darini inakula kama 70. Anasema afadhali feni, mwembe upande wa magharibi, na dari chini ya mabati. Kwa nyumba ya kulala watoto sisi tuko pamoja naye kabisa. Tena klimatizeri ya namna yetu haileti hewa mpya. Inazungusha ileile ya ndani. Mama akifunga dirisha na kuingiza mbabula ili chai isipoe, moshi usioonekana wa makala unaweza kuua familia nzima usingizini, na kama gazi inavuja, moto unaigeuza sumu. Jenereta nayo ikae mbali na madirisha. Mtoto mchanga asilazwe mbele ya upepo wa mashine. Na yale maji yanayodondoka nje yawekewe ndoo inayomwagwa kila siku, maana mbu hawaulizi kama maji yametoka mbinguni au kwenye mashine.

Pendekezo lake la feni mbili, za chumba cha kwanza na cha pili, dola 30 kila moja, litapigiwa kura kwenye mkutano ujao. Kashani zimebaki dola 74, na tangu kazi ilipoisha chumba cha tatu kimelala wageni usiku sita.

Evaporateri ya zamani iko ofisini, chini ya meza, kwa anayetaka kuona matundu. Filtri ya chumba cha tatu inasafishwa kila siku ya posho asubuhi kabla ya mkutano. Juma hili ni zamu ya wamama wa Panda. Brashi na ndoo viko nyuma ya mlango.